Kitabu cha Parokia Hakisahau

Msomaji mpenzi, naomba nianze kwa kukuuliza neno moja. Je, katika ukoo wenu hakuna jina ambalo likitajwa wazee hunyamaza? Umeketi na bibi jioni, mahindi yanachomwa, nawe unauliza, "Bibi, yule dada yake babu alikwenda wapi?" Bibi anakohoa kidogo, anageuza kuni motoni, anasema, "Mambo ya zamani hayo, mjukuu wangu. Hebu lete maji." Basi, habari imekwisha. Lakini wewe umekwisha kujua kuwa hapo pana jambo.

Labda wadhani kuwa mambo ya namna hii ni ya kwetu tu, sisi ambao wazee wetu hawakuandika. Labda wafikiri kwamba Mzungu anajua habari za mababu zake wote mpaka kizazi cha kumi, kwa kuwa kwao vitabu ni vingi. La, sivyo. Huko Uingereza nako wako wazee wanaokohoa wakiulizwa. Tofauti ni hii, kwamba pale ambapo wazee wamenyamaza, mara nyingi kiko kitabu ambacho hakikunyamaza. Leo nataka twende pamoja mpaka kijiji kimoja cha wakulima huko Uingereza, tuone jinsi siri za ukoo mmoja zilivyofichwa, na jinsi zilivyofunuliwa. Mwisho tutajiuliza kama ilikuwa vema kuzifunua.

WAKULIMA WA MELBURY OSMOND

Kusini mwa Uingereza, kuelekea magharibi, iko wilaya iitwayo Dorset. Ni nchi ya vilima na mabonde ya majani mabichi, nchi ya ng'ombe wa maziwa, siagi na jibini, na ya mitofaa ambayo matunda yake hukamuliwa yakafanywa pombe. Nyumba za kale za huko, ukiziona, hazitakushangaza sana, kwa maana nyingi ziliezekwa kwa mabua ya ngano, na nyingine kuta zake ni za udongo uliokandwa pamoja na majani makavu.

Katika wilaya hiyo kiko kijiji cha Melbury Osmond. Hapo zamani waliishi watu wa ukoo wa Swetman. Hawakuwa mabwana wakubwa, wala hawakuwa vibarua. Walikuwa wakulima wenye ardhi yao wenyewe, na jambo hilo huko Uingereza lilikuwa heshima kubwa. Wengi wa majirani walilima mashamba ya mabwana kwa kodi au kwa mshahara mdogo, na bwana akikasirika waliweza kufukuzwa. Lakini mtu aliyelima ekari zake mwenyewe aliweza kusimama mbele ya mtu yeyote bila kutetemeka. Akina Swetman walijua hivyo, na walijivunia jina lao.

Hatungepata kamwe kusikia habari za wakulima hao kama si kitukuu mmoja. Jina lake ni Thomas Hardy, aliyezaliwa mwaka 1840 akafa mwaka 1928. Huyu alikuwa mmoja wa waandishi wakubwa wa Uingereza. Mama yake mzazi, Jemima, alikuwa binti wa Betty Swetman wa Melbury Osmond. Watu walipotaka kujua habari zake huyo mwandishi, ndipo walipoanza kufungua vitabu vya zamani vya kijiji.

MGENI ALIYEBISHA HODI USIKU

Ukoo wa Swetman ulikuwa na hadithi yake, iliyosimuliwa na mababu kwa wajukuu. Ni hii.

Mwaka 1685 Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alikufa. Hakuwa na mtoto wa ndoa, basi ndugu yake James, aliyekuwa Mkatoliki, akashika ufalme. Lakini Charles alikuwa ameacha mwana wa nje ya ndoa, Mtawala wa Monmouth. Kwa miaka kadhaa watu walikuwa wakinong'ona kwamba mfalme alimwoa mama yake kwa siri, na kwamba cheti cha ndoa kilifungiwa ndani ya sanduku jeusi. Sanduku hilo halikuonekana kamwe. Tazama basi, msomaji, kumbe hata nyumba ya kifalme ilikuwa na siri ya namna ile ile inayosumbua nyumba za wakulima!

Mwezi wa Juni mwaka huo Monmouth alishuka pwani ya Dorset, akadai ufalme. Wakulima na wafuma nguo wengi walimfuata, wengine hawana silaha ila zana za shamba. Tarehe 6 Julai walishindwa vibaya mahali paitwapo Sedgemoor, na Monmouth akakimbia. Wazee wa Swetman walisimulia kwamba katika siku zile mgeni alibisha hodi usiku katika nyumba ya babu yao, Christopher Swetman. Akapewa chakula na mahali pa kulala. Kisha akaomba kubadilishana nguo na mwenye nyumba, akaacha upanga wake, akaenda zake. Mwenye nyumba akaamini kwamba aliyelala chini ya dari yake alikuwa Monmouth mwenyewe.

Je, ni kweli? Vitabu vya historia vyasema kwamba Monmouth alikamatwa tarehe 8 Julai, amejificha shimoni chini ya majani, naye amevaa nguo za mtu maskini wa shamba. Tarehe 15 Julai alikatwa kichwa huko London mbele ya umati wa watu. Basi habari ya nguo yapatana na hadithi. Lakini hadithi yaendelea kusema kwamba baadaye mtu aliyefanana naye alirudi usiku kuuchukua upanga, hata babu Swetman akadhani hakuuawa. Hilo halikubaliki. Hivyo ndivyo ilivyo hadithi ya ukoo, msomaji: kweli na uvumi vimesukwa pamoja kama ukili wa mkeka, na kuvitenganisha ni kazi.

Lakini angalia jambo moja zaidi. Baada ya vita hivyo, jaji aitwaye Jeffreys alitumwa kuwahukumu waasi. Mamia ya watu waliuawa, na mamia wengine walipelekwa utumwani visiwa vya West Indies. Bibi mzee aitwaye Alice Lisle alikatwa kichwa kwa sababu ya kuwaficha nyumbani mwake watu waliokimbia vita. Kama mgeni alilala kwa Swetman kweli, kulisema jambo hilo kwa sauti kulikuwa kifo. Ndiyo sababu hadithi nyingi za ukoo huanza kwa kunong'onwa. Hofu ikiisha, mnong'ono hubaki, na sababu yake husahauliwa.

VITABU VISIVYOKOHOA

Sasa tuache hadithi, tutazame vitabu. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, alitoa amri kwamba katika kila parokia ya Uingereza pawe na kitabu, na kila juma yaandikwe majina ya waliobatizwa, waliofunga ndoa, na waliozikwa. Watu wengi walikasirika. Walidhani serikali yataka kuwahesabu ili iwatoze kodi ya ubatizo na ya mazishi. Lakini vitabu vilianzishwa, na vingi vipo mpaka leo. Kanisa Katoliki nalo, katika Mtaguso wa Trento mwaka 1563, liliamuru kila paroko awe na kitabu cha ndoa, na kwamba majina ya wasimamizi wa ubatizo yaandikwe.

Anayetafuta ukoo wake Uingereza huanza nyumbani, kwa wazee walio hai. Kisha huenda kwenye vyeti vya serikali, vilivyoanza tarehe 1 Julai 1837. Kisha hutazama hesabu ya watu, iliyofanywa kila miaka kumi. Tangu mwaka 1841 majina ya watu wote wa nyumba yaliandikwa, na tangu mwaka 1851 yaliandikwa pia mahali walipozaliwa na udugu wao na mwenye nyumba. Karatasi hizo hufungwa kwa miaka 100 kabla ya kuonyeshwa kwa watu; zile za mwaka 1921 zilifunguliwa mwaka 2022. Zile za mwaka 1931 hazitaonekana kamwe, maana ziliungua kwa moto mwaka 1942. Akitaka kurudi nyuma zaidi ya hapo, hana budi kwenda kwenye vitabu vya parokia.

Na hapo ndipo siri zinapoanza kuonekana. Twaona katika hesabu ya watu mama wa miaka 48, na mwanawe wa mwisho ana mwaka mmoja, na katika nyumba hiyo hiyo yuko binti wa miaka 19 asiyeolewa. Mtafutaji mwenye akili hujiuliza: mtoto huyu ni wa mama au wa binti? Bibi wengi walimlea mjukuu wakamwita mwana, ili binti yao asinyoshewe kidole njiani. Twaona tena ndoa iliyofungwa mwezi wa Januari na mtoto aliyebatizwa mwezi wa Aprili. Usidhani hayo yalikuwa machache. Wataalamu waliolinganisha vitabu vya parokia nyingi wamekuta kwamba mwanzoni mwa karne ya 19 yapata theluthi moja ya mabibi harusi wa Uingereza walikuwa na mimba siku ya arusi.

Na kiko kitabu cha tatu, nacho ni kitabu cha fedha za maskini. Kwa sheria ya mwaka 1601 kila parokia ilipaswa kuwalisha maskini wake kwa kodi iliyotozwa wenye mali. Kwa hiyo walipa kodi waliangalia kwa jicho kali nani anazaliwa na nani anahamia. Msichana akichukua mimba bila ndoa, aliitwa mbele ya wakubwa na kuapishwa amtaje baba wa mtoto, kisha yule mwanamume alilazimishwa kulipa au kuoa. Hawakufanya hivyo kwa ajili ya roho yake tu. Walifanya kwa ajili ya mifuko yao pia. Lakini maneno yale yaliandikwa, na leo kitukuu huyasoma.

Neno moja kwa sisi Wakatoliki. Mtu wa Uingereza mwenye mababu Wakatoliki hupata taabu sana. Baada ya Mfalme Henry kujitenga na Roma, Misa ilikatazwa, na kwa sheria ya mwaka 1581 aliyekataa kwenda kanisa la serikali alitozwa paundi 20 kila mwezi, fedha iliyoweza kumfilisi mtu mwenye mali. Mapadre walikuwa wakijificha, na kitabu cha majina kingekuwa ushahidi wa kuwapeleka waumini wao gerezani. Tena, tangu mwaka 1754 mpaka 1837 ndoa haikukubaliwa na serikali isipofungwa katika kanisa la Kianglikana, ila kwa Wayahudi na watu wa dini ya Quaker tu. Basi Wakatoliki wengi walifunga ndoa mbele ya padre wao, kisha wakaenda kuandikishwa kwa Waanglikana. Kitukuu akilikuta jina la babu katika kitabu kile, asiseme upesi, "Kumbe babu aliiacha imani!" Huenda babu alifanya hivyo ili watoto wake wasiitwe haramu.

BETTY NA BABA YAKE

Sasa turudi Melbury Osmond. Mwanzoni mwa karne ya 19 mkuu wa nyumba ya Swetman alikuwa John, mtu mkali. Alikuwa na binti, Elizabeth, aliyeitwa Betty. Twaambiwa kuwa alikuwa msichana mrefu, mzuri wa sura, mwenye kupenda kusoma vitabu, na mwenye kujua dawa za mitishamba, hata watu walimjia awatibu. Binti wa mkulima mwenye ardhi yake, mzuri, mwenye elimu: baba alimtazamia mume mwenye heshima.

Lakini Betty alimpenda George Hand, mtumishi asiye na kitu. Mwezi wa Desemba mwaka 1804 walifunga ndoa bila idhini ya baba. Na kitabu cha parokia, ukilinganisha ukurasa wa ndoa na ukurasa wa ubatizo, chasema neno ambalo wazee wa ukoo hawakulisema: Betty alikuwa mjamzito tayari.

John Swetman alikasirika kupita kiasi. Alimfungia binti yake mlango, na kwa kadiri ukoo ulivyosimulia, hakukubali kumwona tena.

Ndoa ile haikuwa na raha. Waliochunguza habari za George Hand wasema alikuwa mlevi. Mwaka 1822 alikufa, akamwacha Betty na watoto wengi. Baba yake hakumwachia urithi. Basi binti wa Swetman, aliyekulia katika nyumba ya shibe, ikambidi kuupokea mkate wa parokia. Jina lake liliandikwa katika hesabu ya maskini, pamoja na wale ambao ukoo wake ulikuwa umezoea kuwatazama kwa mbali.

Fikiri, msomaji, jambo hilo katika kijiji kidogo. Waliotoa fedha zile ni majirani zake. Waliompimia ni watu waliomjua tangu utoto. Kila Jumapili alikutana nao kanisani. Na shamba la babu wa watoto wake lilikuwa pale pale, ng'ombe wanakamuliwa, siagi inatengenezwa, nao watoto wake wanahesabiwa shilingi za maskini.

JEMIMA NA MTOTO ALIYEDHANIWA AMEKUFA

Katika watoto wale alikuwamo Jemima, aliyezaliwa mwaka 1813. Alikuwa mdogo sana baba yake alipokufa. Alipopata nguvu alikwenda kufanya kazi katika nyumba za matajiri, akawa mpishi hodari. Mambo aliyoyaona katika umaskini ule yalimwumiza hata uzeeni; hakuweza kuyasimulia bila uchungu.

Huko kazini alikutana na mwashi aitwaye Thomas Hardy, mtu mpole, mpenda kupiga fidla. Walifunga ndoa huko Melbury Osmond tarehe 22 Desemba 1839. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa tarehe 2 Juni 1840. Hesabu mwenyewe miezi kwa vidole, msomaji. Yaliyompata mama yalimpata na binti.

Mtoto yule alipozaliwa hakulia wala hakutikisika. Daktari alimweka kando akidhani amekufa, akamshughulikia mama. Lakini mkunga alimtazama tena, akaona ana uhai, akapiga kelele. Mtoto yule aliyedhaniwa maiti, aliyepatikana kabla ya ndoa, mjukuu wa mwanamke aliyelishwa na parokia, ndiye aliyekuwa Thomas Hardy, mwandishi ambaye vitabu vyake vyasomwa duniani kote. Aliishi miaka 87.

MWANDISHI ALIYEFICHA, NA KITABU KILICHOFICHUA

Sasa sikiliza alivyofanya. Hardy alipopata umaarufu aliona watu wanatafuta habari zake. Basi akaandika mwenyewe habari za maisha yake, lakini akapanga kitabu kitoke kwa jina la mkewe wa pili, Florence, kana kwamba ndiye aliyekiandika. Kilitoka katika sehemu mbili, mwaka 1928 na 1930, yeye mwenyewe amekwisha kufa. Karatasi nyingi za zamani zilichomwa moto.

Katika kitabu hicho alisema kuwa Swetman walikuwa wakulima wa zamani wenye ardhi yao. Alisema kuwa bibi yake aliolewa kwa siri na baba yake hakumsamehe. Aligusia kuwa mama yake aliona taabu. Lakini habari ya mimba ya bibi hakuisema, wala habari ya fedha za maskini, wala habari ya mama yake mwenyewe. Badala yake alipenda kusimulia kuwa ukoo wa baba yake ulitoka katika watu wakubwa wa kisiwa cha Jersey. Ndivyo tulivyo wanadamu: babu mwenye cheo twamtafuta hata ng'ambo ya bahari, na bibi aliyelia twamzika mara mbili.

Walakini moyo wake haukunyamaza. Mwaka 1891 alitoa hadithi ya msichana maskini wa Dorset aitwaye Tess. Baba yake, mchuuzi mlevi, anaambiwa njiani kwamba yeye ni wa ukoo wa mabwana wa kale, na majivuno yale yanaiangamiza nyumba yake. Binti anapata mtoto nje ya ndoa. Mtoto anapokaribia kufa usiku, msichana mwenyewe anambatiza kwa maji ya birika, na mchungaji anakataa kumzika kwa ibada ya Kikristo. Watu wengi wa Uingereza walichukizwa na hadithi ile. Hawakujua kuwa mwandishi alikuwa na sababu ya kumhurumia msichana wa namna ile. Jambo alilolificha katika habari za maisha yake, alilitangaza kwa sauti kuu katika hadithi.

Miaka ilipita. Mwaka 1975 mtaalamu mmoja, Robert Gittings, alitoa kitabu juu ya ujana wa Hardy, na mwaka 1982 Michael Millgate alitoa kingine. Hawa hawakutegemea umbea wa kijijini. Walikaa na vitabu vya ndoa, vya ubatizo, na vya fedha za maskini, wakalinganisha tarehe na tarehe. Karatasi za Hardy ziliungua, lakini kitabu cha parokia hakikuungua.

JE, ILIKUWA VEMA?

Hapa najua mwenzangu mmoja atasema, "Yafaa nini kuwafunua wafu? Betty amelala kaburini, Jemima amelala kaburini. Waacheni." Neno hilo si la upuuzi. Kusengenya ni dhambi, na marehemu hawezi kujitetea. Mtu anayefukua siri za ukoo ili apate kuchekesha watu kilabuni, au ili amkomoe shemeji yake katika kesi ya shamba, afadhali aviache vitabu vilivyo.

Lakini tazama upande wa pili. Siri ilipofichwa, tulionyeshwa ukoo wa heshima ulioshuka kidogo tu kwa bahati mbaya. Siri ilipofunuliwa, twamwona Betty alivyokuwa: mwanamke aliyekosa, aliyefunga ndoa, aliyezaa, akafiwa, akalea watoto wake kwa mkate wa aibu wala hakuwatupa. Kwangu mimi heshima yake imezidi, haikupungua. Na katika habari hii yote ni nani mwenye aibu kubwa? Binti aliyeanguka ujanani, au mzee aliyekuwa na ghala naye hakumfungulia binti yake mlango? Baba katika Injili alimkimbilia mwana mpotevu alipokuwa angali mbali. John Swetman alikaa ndani.

Tena siri ina kodi yake. Yule anayefichwa asili yake huona kuwa watu wanamtazama kwa namna fulani, asijue sababu. Ndugu wawili huchukiana kwa ugomvi wa babu zao ambao hakuna anayeukumbuka. Mara nyingi kweli ikisemwa kwa upole na mtu mzima, mahali pafaapo, chuki hukosa mahali pa kukaa.

Basi wewe unayependa kujua habari za ukoo wako, shika mambo haya matatu, ambayo watafutaji wa Uingereza wamejifunza kwa taabu. Kwanza, anza na wazee wangali hai, nawe uandike jina, mahali na mwaka, hata kama mwaka wenyewe ni wa kukisia: mwaka wa nzige, mwaka wa njaa, mwaka padre fulani alipofika. Pili, usiamini hadithi mpaka umeilinganisha na kitabu. Wala usikiamini kitabu upesi, maana katika hesabu ya mwaka 1841 makarani waliambiwa wapunguze umri wa watu wazima mpaka tarakimu ya tano au ya kumi, mtu wa miaka 39 akaandikwa 35. Tatu, ukilikuta jambo la aibu, lishike kama unavyoshika yai. Jiulize ni nani aliye hai litakayemwumiza, na kama kuna faida kwake kulijua.

Vitabu vya Melbury Osmond ni vya Kianglikana, lakini parokia yako pia ina vitabu vyake. Huko ofisini kwa padre limo kabati, na ndani ya kabati kimo kitabu cha ubatizo. Jina la babu yako aliyebatizwa wa kwanza katika ukoo laweza kuwamo, na jina la mama yake ambaye hakuna tena amkumbukaye, na jina la msimamizi wake. Nenda kwa adabu umwombe paroko akusomee. Huenda ukakuta mstari mmoja tu. Lakini mstari mmoja wa Betty Swetman, mbele ya mstari wa ubatizo wa mwanawe, umetuambia zaidi ya maneno yote ya ukoo wake.

Na jioni ukiketi tena karibu na moto, bibi akakohoa, usimlazimishe. Mletee maji kama alivyosema. Kaa karibu naye. Labda siku nyingine, akiona kuwa hukuja kuhukumu, atakuambia mwenyewe.